Dola hurudi na daftari

Vita vya muda mrefu vikimalizika, picha zinazosambaa huwa mbili: viongozi wanapeana mikono, na lundo la bunduki linateketezwa. Picha hizo ni za siku moja. Kazi inayofuata huchukua miaka kumi hata ishirini, na hakuna mpiga picha anayeifuata kwa sababu ni kazi ya makarani. Nani alikuwa mpiganaji na nani alikuwa mpishi tu? Nani anastahili mshahara mwisho wa mwezi? Shamba hili la nani, la aliyekimbia au la aliyelilima miaka thelathini? Nani ana haki ya kupiga kura hapa? Nani alikufa, na aliuawa na nani? Kila suala hapo linaishia kwenye orodha ya majina. Ukizisoma nchi zilizopita njia hiyo, utaona dola hurudi pale orodha zake zinapoaminika. Vita navyo mara nyingi hurudi kupitia jina lililoachwa nje, au lililoingizwa kwa siri.

Unguja na Pemba hazikupita katika vita vya miaka kumi na sita kama Msumbiji. Lakini uzito wa daftari tunaujua. Barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, inafungua milango, na kukosekana kwake kunaifunga. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, zaidi ya Wazanzibari 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Wapo waliosogea mbele hadi Mogadishu, yaani walikwenda kutafuta hifadhi katika nchi ambayo dola yake ilikuwa imeanguka tangu 1991. Kwa hiyo msomaji wa huku hahitaji maelezo marefu ya kwa nini mtu huumia jina lake linapokosekana. Kinachofaa kuelezwa ni namna kazi yenyewe inavyofanywa, na pale inapoharibika.

Orodha ya wapiganaji

Utaratibu wa kuwarudisha wapiganaji uraiani unafanana karibu kila nchi. Huchaguliwa vituo vya kukusanyika, mbali kidogo na miji lakini pawe na njia ya lori la chakula na maji. Mpiganaji hufika, hukabidhi silaha, namba ya silaha huandikwa, mwenyewe hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, hupewa kitambulisho, hupimwa afya, huulizwa anataka kwenda kuishi wilaya gani. Kisha huondoka na malipo ya kwanza, na yaliyobaki huyafuata huko alikokwenda. Kwenye karatasi ni kazi ya siku chache kwa kila mtu.

Liberia walianza tarehe 7 Disemba 2003 katika kambi ya Schieffelin, nje ya mji mkuu Monrovia. Walitayarishiwa watu wachache, wakaja maelfu. Wapiganaji walikuwa wamesikia habari ya dola za Kimarekani 300, wakataka zao papo hapo, na utaratibu ulikuwa umepanga walipwe baadaye. Risasi zikarindima mjini, watu wasiopungua tisa wakafa, na baada ya siku chache zoezi likasimamishwa hadi Aprili 2004. Hapo katikati uliruhusiwa utangulizi wa dola 75 ili watu watulie. Kosa lilikuwa la mpangilio: waliomtangazia mtu fedha walikuwa wengine, wenye makambi na chakula wengine, na tarehe ilichaguliwa kabla ya vituo kuwa tayari. Askari wa kulinda amani walikuwa bado hawajaenea nchini, kwa hiyo mpiganaji aliyetoa bunduki yake hakuwa na wa kumlinda dhidi ya jirani ambaye bado anayo.

Ziko hitilafu mbili nyingine, nazo zinakwenda kinyume. Ya kwanza ni orodha kuvimba. Liberia ilimpokea mtu kwa bunduki moja au kwa risasi 150. Makamanda wakagawa: huyu mwanangu, huyu mpwa wangu, chukua mfuko huu wa risasi uende ukaandikwe, ukilipwa tunagawana. Mwisho wa zoezi watu walioandikwa walizidi 100,000, na silaha zilizokusanywa zilikuwa karibu 28,000. Wapo wanaoiita hesabu hiyo aibu. Mimi naiona kama kodi ya amani, mradi waliolipa waijue bei kabla ya kuanza na wasiivumbue mwishoni.

Hitilafu ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni orodha kubana. Sierra Leone, vita vilivyoanza 1991 vilimalizika 2002, na walioandikwa ni 72,490. Wanawake kati yao hawakufika 5,000, ingawa porini walikuwa wengi. Kwa sehemu kubwa ya zoezi mtu alitakiwa aje na bunduki, tena aonyeshe kuwa anajua kuifungua na kuifunga. Msichana aliyebeba mizigo, aliyepika, aliyefanywa mke wa kamanda kwa nguvu, hakuwa na bunduki ya kufungua. Mwenye kupeleka majina alikuwa kamanda yule yule. Matokeo yake wasichana hao walirudi vijijini bila kitambulisho, bila malipo, bila nafasi ya mafunzo, wengine na watoto mgongoni, na sensa ya amani haikuwaona kabisa.

Msumbiji ndiyo mfano ninaourudia sana. Mkataba ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, vituo 49 vikafunguliwa, na zaidi ya wapiganaji 90,000 wa serikali na wa waasi wa Renamo wakaachishwa. Uzuri ulikuwa kwenye malipo. Yaliendelea kwa takriban miaka miwili, na fedha zilichukuliwa katika tawi la benki la wilaya ambayo mtu mwenyewe aliichagua. Jambo hilo dogo lilifanya kazi tatu kwa pamoja. Lilimtoa mtu kambini na kumtenga na kamanda wake, kwa kuwa hakumhitaji tena ili alipwe. Lilimtawanya, kwa kuwa kundi la watu mia waliochagua wilaya thelathini tofauti si jeshi tena. Na lilimfanya apokewe nyumbani: mtu anayerudi na kitu kila mwezi hafukuzwi. Fedha hazikutosha kumjengea mtu maisha, na hazikukusudiwa hivyo. Zilinunua muda.

Nani anabeba mfuko wa mishahara

Wapiganaji wasiorudi uraiani huingizwa katika jeshi jipya, na hapo ndipo orodha ya mishahara inapokuwa jambo la usalama wa taifa. Kongo ni somo refu. Baada ya mkataba wa 2002, vikosi vya pande zote vilichanganywa. Jeshi jipya lilikuwa na zaidi ya askari laki tatu kwenye makaratasi. Walipohesabiwa kweli, mmoja mmoja, hawakufika laki mbili. Waliobaki walikuwa askari hewa: waliokufa, waliotoroka, na wengine ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Jinsi wizi ulivyofanyika ni rahisi kuieleza. Fedha zilitoka Kinshasa kwa taslimu, zikapita kwa mkuu wa mkoa wa kijeshi, kwa kamanda wa brigedi, kwa wa kikosi, na kila mkono ulikata chake. Kamanda hakuwa na sababu ya kuripoti aliyetoroka, kwa sababu kila jina lililobaki kitabuni lilikuwa mshahara wake wa pili. Askari aliyebaki mwishoni mwa mnyororo alipata kidogo au asipate kitu, akaweka kizuizi barabarani na kujilipa kwa wapita njia. Raia anapomuona askari huyo hamuoni dola. Anamuona mnyang'anyi mwenye sare.

Wataalamu wa Umoja wa Ulaya walishauri dawa isiyokuwa ya ajabu: tenganisha anayetoa amri na anayelipa. Askari wakaandikwa upya kwa picha na alama za vidole, wakapewa kadi, na fedha zikaletwa na watumishi wasiokuwa chini ya kamanda wa kikosi. Mishahara ya walio wengi ilianza kufika. Ila dawa hii ina adui wa kudumu, naye ni kila afisa aliyekuwa akiishi kwa majina hewa, na hao ndio waliotakiwa kuisimamia.

Kongo pia inaonyesha kuwa kuchanganya majina kwenye kitabu si kuchanganya watu. Waasi wa CNDP waliingizwa jeshini kwa makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009, lakini vikosi vyao vilibaki Kivu, pamoja, chini ya makamanda wao, na mapato yao ya madini na vizuizi vya barabara yakaendelea. Mwaka 2012 walipotishiwa kuhamishwa, baadhi yao waliasi na kujiita M23, kwa kumbukumbu ya tarehe ile ile. Januari 2025 kundi lenye jina hilo liliuteka mji wa Goma.

Burundi walifanya tofauti. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Mandela, uliweka kanuni kuwa hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Watu wengi huuliza kwa nini nusu kwa nusu wakati Wahutu ni wengi mno. Sababu ni kwamba jeshi halikuwa bunge. Watutsi walikuwa wanaogopa kufutwa, Wahutu walikuwa wanaogopa jeshi lenyewe, na nusu kwa nusu ilimaanisha hakuna upande unaoweza kutoka kambini usiku bila upande mwingine kujua. Burundi ina matatizo yake hadi leo, na mwaka 2015 iliingia katika machafuko makubwa, lakini yale hayakuwa vita vya jeshi la kabila moja dhidi ya raia wa kabila jingine.

Shamba la nani

Hapa ndipo pazito, na Mzanzibari ana haki ya kusema kitu.

Mwaka 1972 mamia ya maelfu ya Waburundi walikimbia mauaji. Wengi walipokewa Tanzania katika makaazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikaa, wakazaa, wakalima tumbaku na mahindi, na baadaye zaidi ya 160,000 kati yao wakapewa uraia wa Tanzania. Makumi ya maelfu walichagua kurudi kuanzia 2008. Walikuta mashamba yao yana watu. Baadhi ya waliokuwamo walivamia, lakini wengi walipewa na serikali kwa barua halali, wengine walinunua kwa aliyepewa, na wengine walizaliwa humo. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki aliyekaa juu ya ardhi miaka thelathini, au kumi na mitano kama aliingia kwa nia njema. Hesabu kutoka 1972 hadi 2008: sheria ilikuwa upande wa aliyekaa.

Serikali iliunda tume ya ardhi mwaka 2006. Mwanzoni tume ilipendelea kugawa: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekaa, na wote wawili waandikwe. Hakuna aliyefurahi, lakini pande zote zilipata pa kulima, na mara nyingi ndio mwisho wa uwezo wa haki katika mambo haya. Baadaye msimamo ukabadilika, ikawa aliyerudi arejeshewe chote, mpaka kesi zilizokwisha kusuluhishwa zikafunguliwa tena. Makamba, kusini mwa nchi, pakachafuka. Kosa hapa halikuwa kuwapenda wakimbizi. Kosa lilikuwa kufungua daftari lililofungwa. Mtu aliyekubali kupoteza nusu alikubali kwa sharti kwamba nusu nyingine ni yake moja kwa moja, na ukimwambia leo kuwa hata ile imeondoka, hatakubali usuluhishi wowote utakaoletwa kesho.

Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ikawa mali ya serikali na familia zikagawiwa mashamba ya eka tatu. Mgao ulikuwa wa kutumia, hakuruhusiwa mtu kuuza wala kugawanya. Lakini watu huzaa na hufa. Eka tatu za baba zikawa za watoto saba, wakagawana kwa utaratibu wa mirathi wanaoujua, wengine wakauza kwa karatasi ya mkononi mbele ya mashahidi. Pemba kuna jambo la ziada: mikarafuu na ardhi ni vitu viwili, mtu anaweza kumiliki mti uliosimama juu ya ardhi isiyokuwa yake. Sheria ya 1992 ilijaribu kuweka mambo katika usajili. Karani anayekuja na fomu yenye nafasi ya mmiliki mmoja tu hawezi kuandika ukweli wa shamba kama hilo hata akitaka.

Kwa hiyo anayesajili ardhi baada ya vita anatakiwa aanze na fomu. Iwe na nafasi ya mwenye ardhi, mwenye miti, anayelima, na mjane au mtoto mwenye haki ya kuishi. Mipaka ikaguliwe kwa miguu, majirani wote wanne wawepo, wazee wawili wasiokuwa wa ukoo huo washuhudie. Jina la mke liandikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu likiachwa kwa ajili ya kesho haliandikwi. Kuna nchi zilizoandika majina ya waume tu baada ya vita vilivyoua waume, ambalo ni jambo la ajabu kulifanya kwa makusudi.

Na kabla ya yote hayo, ardhi iwe inakanyagika. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya kutegwa ardhini mwezi Septemba 2015, miaka ishirini na tatu baada ya amani. Waliotega mara nyingi hawakuweka ramani, au waliweka wakafa nazo. Kazi ikawa ya kuuliza wazee ng'ombe aliripuka wapi, kuzungushia kamba, na kupita mita kwa mita. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO. Panya ana uzito wa kilo moja na kitu, haamshi bomu. Ananusa baruti, hajali misumari na vifuniko vya chupa vinavyokisumbua chombo cha kutafuta chuma. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi analipita kwa nusu saa, na mtu mwenye chombo huweza kuchukua siku nne.

Fedha za kuendeshea

Dola isiyokuwa na mapato haiandiki chochote. Chanzo cha kwanza huwa bandari au mpaka, kwa sababu kodi inakusanywa mahali pamoja, kwa watu wachache, na mizigo inaonekana. Visiwani hapa hatuhitaji kufundishwa hilo, karafuu na bandari vimeilisha serikali kwa miaka mingi.

Somaliland, iliyojitangaza kuwa huru kutoka Somalia mwaka 1991, ilipigania bandari ya Berbera yenyewe kwa yenyewe mwaka 1992, kwa kuwa aliyeshika bandari ndiye aliyekuwa na dola. Wazee walikutana katika mji wa Sheikh. Ukoo uliokuwa ukidhibiti Berbera uliuliza swali ambalo halina jibu jepesi: kwa nini mali yetu ndiyo iwe ya serikali, na uwanja wa ndege wa Hargeisa ubaki wa wenzetu? Ikakubaliwa kuwa vyote ni vya umma: bandari, uwanja wa ndege, na barabara za mipakani. Baada ya hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa Borama mwaka 1993, wazee 150 wenye kura, zaidi ya miezi minne, wengi wakilishwa na wenyeji. Walimchagua Egal kuwa rais, na baraza la wazee likaingizwa ndani ya muundo wa serikali. Wafanyabiashara wakaikopesha serikali fedha za kuwaweka wanamgambo kambini, wakitegemea ushuru wa forodha uwalipe.

Makubaliano ya Sheikh hayakushika yote. Mwaka 1994 serikali ilipoutaka uwanja wa Hargeisa, vita vikaanza tena. Hata hivyo ile kanuni ilibaki, nayo inafaa kokote: usichukue kituo cha mapato cha upande mmoja peke yake. Chukua vyote siku moja, au andika tarehe ya kila kimoja mbele ya wote.

Nani ni mwenyeji

Baadhi ya vita husababishwa na kitambulisho chenyewe. Côte d'Ivoire iligawanyika mwaka 2002, na miongoni mwa mizizi ilikuwa suala la nani ni raia kweli, hasa watu wa kaskazini waliokosa karatasi. Mkataba wa Ouagadougou wa Machi 2007 ukatuma mahakama zinazotembea, hakimu na karani wakienda kijijini kutoa hati badala ya cheti cha kuzaliwa kwa asiyeandikishwa. Kazi ilichukua miaka, ilivurugwa mara kadhaa, ikazaa daftari la wapiga kura milioni 5.7. Uchaguzi wa 2010 ulimwaga damu hata hivyo, kwa kuwa aliyeshindwa alikataa kuondoka. Ila ni muhimu kuona ni nini hakikugombewa sana: daftari. Waligombana juu ya hesabu ya kura, na hilo ni tatizo jingine.

Zanzibar tulikuwa na tatizo la daftari lenyewe. Sheria ya 2005 ilileta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na uandikishaji wa wapiga kura wa 2009 ukakifanya sharti. Kukipata kulihitaji cheti cha kuzaliwa na kutambuliwa na sheha. Wazee wengi wa vijijini hawakuwa na cheti, na sheha ni mteule wa serikali. Pemba watu walikataliwa vituoni, zikatokea vurugu, na uandikishaji ukasimamishwa kwa muda. Mnamo tarehe 5 Novemba mwaka huo huo Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, wakakutana. Yaliyofuata yanajulikana: kamati ya watu sita ya Baraza la Wawakilishi, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyopata asilimia 66.4 ya ndiyo, marekebisho ya kumi ya Katiba, Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi uliopita kwa utulivu ingawa Dk. Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1.

Maridhiano yale yalijengwa juu. Makamu wawili wa Rais, mawaziri kutoka pande mbili, watu wakasalimiana na kuzikana tena. Chini, namna ya kumpata sheha haikuguswa, na imani kwa tume ya uchaguzi haikujengwa. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa tarehe 28 Oktoba, umoja wa juu haukuwa na cha kuegemea. Mwaka 2020 palimwagika damu tena, kisha Disemba Maalim Seif akarudi serikalini kama Makamu wa Kwanza, miezi miwili kabla ya kufariki. Kugawana vyeo kunatuliza wanaogawana. Bibi wa Micheweni anayerudishwa dirishani hana cheo cha kugawiwa.

Dawa za dirishani zinajulikana na si ghali. Orodha ya rasimu ibandikwe skulini na msikitini, kwa siku za kutosha. Anayekataliwa apewe karatasi yenye sababu, maana neno la mdomo halikatiwi rufaa. Rufaa isikilizwe na mtu mwingine, asiwe aliyekataa. Ushahidi wa wazee wawili ukubalike pale cheti hakipo. Nakala ikae mahali pawili, chini ya mikono miwili. Liberia, walipolivunja jeshi la zamani lote na kuanza upya na askari kama 2,000, walibandika picha za waombaji hadharani ili aliyeteswa na mmoja wao aweze kusema. Wapo waliotajwa, wakaondolewa.

Orodha ya waliokufa

Rwanda waliamua kuandika kila kitu. Kabla ya gacaca, yaani mahakama za kijiji, kuhukumu, kila kijiji kilikaa majanini kikaorodhesha: nani waliishi hapa kabla ya Aprili 1994, nani aliuawa, nani alishiriki, nini kiliporwa. Kisha watuhumiwa wakapangwa kwa uzito wa makosa. Mahakama zipatazo 12,000, majaji wasiolipwa, karibu kesi milioni mbili hadi 2012. Magereza yenye zaidi ya watu laki moja yasingeliweza kushughulikiwa kwa njia nyingine. Ilivunjika pale ilipotarajiwa kuvunjika: watu walitajana kwa ajili ya mashamba, jaji alikuwa jirani, na makosa ya jeshi lililoshinda hayakuwa kwenye fomu.

Msumbiji walifanya kinyume. Walipitisha msamaha mwezi ule ule wa mkataba, hapakuwa na tume ya ukweli, hapakuwa na orodha. Wapiganaji waliorudi vijijini walipelekwa kwa waganga, wakaogeshwa dawa, wakavua nguo za vitani, wakaambiwa waliyoyafanya yabaki huko nje. Kwa muda mrefu ilionekana imetosha. Kati ya 2013 na 2019 Renamo ilirudi porini mara kadhaa, na sababu zilizotajwa zilikuwa za vyeo, pensheni na mikoa. Kwa hiyo sioni ushahidi kuwa kuandika maovu yote ni lazima, wala kwamba kunyamaza kunaponya. Ninachokiona ni kuwa idadi ya waliokufa lazima ikubaliwe na pande zote. Human Rights Watch ilihesabu vifo visivyopungua 35 vya Januari 2001 visiwani humu, serikali ilitaja vichache zaidi, na pengo hilo dogo la hesabu limeendelea kutumika kwenye majukwaa ya kampeni tangu hapo.

Kambi ya mwisho ya Renamo, Gorongosa, ilifungwa Juni 2023, na walioandikwa awamu hii ni 5,221. Walioahidiwa pensheni wakakuta sheria ya pensheni inadai michango ambayo mtu wa porini hakuwahi kuitoa, ikabidi kanuni itungwe kwa ajili yao. Wakati huo huo kaskazini, Cabo Delgado, ambako wenyeji wa pwani wanasema Kimwani na mji mkuu wao nao unaitwa Pemba, vita vingine vilikuwa vimeanza tangu Oktoba 2017. Mwaka 2020 maelfu walifika kwa majahazi ufukweni Paquitequete, nyumba zao zimechomwa na vyeti vyao ndani. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wanakwenda makambini na fomu na mashine ya picha. Huanza na mambo matatu: jina la baba na mama, kijiji cha kuzaliwa, na shahidi anayemjua mtu huyo tangu kabla ya vita. La tatu ndilo linalochelewesha, kwa sababu mashahidi nao wametawanyika katika wilaya kadhaa.